Vitonge Visivyopita Motoni

Kuchoka kuna madaraja yake. Kuna kuchoka kwa kupiga miayo na kujinyoosha, huko hata paka anachoka. Halafu kuna kuchoka kwa yule binti wa mwoka mikate, ambaye jioni alikuwa akivua kiatu kimoja mlangoni, anabaki nacho mkononi, anasahau kabisa kwamba ana mguu wa pili.

Kazini walimwita Pasi, na jina lilimganda kwa sababu lilikuwa la kweli. Alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli, chini kabisa ya jengo, kwenye chumba cha kufulia ambako huwezi kujua kama nje ni mchana au mvua inanyesha. Kulikuwa na mashine ndefu iliyomeza shuka upande huu na kulitema upande wa pili, na kazi yake ilikuwa kuilisha, shuka baada ya shuka, lisijikunje, lisiungue, lisimvute vidole. Kutwa yuko wima, mvuke unampiga usoni. Wageni wa ghorofani walijitupa juu ya shuka lililonyooka wakadhani limezaliwa hivyo. Wala hakuwalaumu. Nani anayelala akimfikiria mpiga pasi?

Nyumbani alikuwa na baba yake tu. Mzee alikuwa amekula chumvi nyingi, na maisha yake yote yalipita mbele ya tanuri, akioka mikate, mpaka kifua kikamkatalia vumbi la unga. Majirani bado walimwita Mzee Tanuri. Na huyu mzee, tangu mkewe afariki, aliacha kula. Hakugoma, hakununa. Aliacha taratibu tu, kama mtu anayeaga sherehe bila kutaka watu wajue kwamba anaondoka.

Asubuhi Pasi alipika kabla ya kutoka, akafunika sahani, akaiweka mezani. "Baba, chakula hiki hapa." Mzee akajibu, "Ahsante, mwanangu," na Pasi huyo, mbio, mkoba begani. Jioni akirudi sahani iko vilevile. Siku nyingine ilikuwa imeguswa kwa adabu, kijiko kimoja pembeni, ili mpishi asijisikie vibaya. Akapika laini. Akazidisha chumvi, akaipunguza. Akakaanga, akachemsha. Wapi! Na ili cha nyumbani kisipungue, yeye mwenyewe alikula kazini, kwenye kantini ya wafanyakazi, ambako chakula ni cha bure hata kama kina ladha ya sabuni. Akirudi anakuwa ameshashiba. Cha nyumbani chote ni cha Baba, alijiambia, na wazo hilo lilimpa nguvu kidogo ya kuosha sahani iliyojaa.

Mzee akakonda mpaka saa ya mkononi ikawa inazunguka kama bangili. Kule kliniki nesi alimpandisha kwenye mizani, akatazama, akamshusha, akampandisha tena kana kwamba mizani ndiyo yenye makosa. Kisha akamvuta Pasi pembeni. "Dada, nikwambie ukweli. Baada ya sikukuu mrudishe tumpime. Akiwa amepungua tena tunamlaza, tunamlisha kwa mpira."

Wodi yenyewe ni ileile aliyofia mama. Mzee alikuwa amesikia yote. Masikio yake hayakuwahi kustaafu. Walipofika nyumbani akasema, "Mimi huko nikiingia sitoki," kwa sauti ya mtu anayesema nje kuna upepo. Pasi akaingia jikoni, akafungua bomba, akasimama anatazama maji yanavyokwenda bure. Hakuwa na machozi ya kutoa.

Akampigia kaka yake, aliyekuwa akiishi mji wa mbali pamoja na ushauri wake wote.

"Mlazimishe," kaka akasema.

"Nimlazimishe vipi? Nimbane pua kama mtoto?"

"Basi mbembeleze."

"Njoo umbembeleze wewe!" Akakata simu. Kaka mtu alikuwa mwema, jamani, lakini wema wa kwenye simu haupiki wala haufui.

Aliyemsaidia alikuwa Profesa, mwenzake wa pale kufulia. Huyu naye hakuwahi kusoma kitu kirefu kuliko maelezo ya sabuni, ila kila jambo alilijua. Kazi yake ilikuwa kukunja taulo, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Mzee hatafuni? Mpe kitu kidogo chenye nguvu. Vitonge! Oti za uji, siagi ya karanga, maziwa ya unga, tende, asali. Unachanganya, unaviringa, unaweka kwenye friji, basi. Protini tupu. Wale wanaume wanaonyanyua vyuma ndiyo chakula chao."

"Baba yangu hanyanyui vyuma."

"Anyanyue mifupa yake basi. Halafu sikiliza: hupiki. Hakuna moto, hakuna kusimama."

Protini Pasi hakuijua vizuri, lakini hilo la kutosimama lilimwingia akilini mara moja. Mkesha wa sikukuu alirudi na mfuko wa vitu hivyo, miguu imevimba imekuwa kama si yake. Akavua viatu, vyote viwili safari hii. Akaweka beseni mezani, akavuta kiti, akaketi mbele ya baba yake, akamwaga oti.

Mzee akatazama kwa muda. "Nini hicho?"

"Vitafunwa vya sikukuu."

"Mbona sisikii tanuri?"

"Havichomwi, Baba."

"Havichomwi!" Ungedhani ametukaniwa ukoo mzima. "Kitu hakijapita motoni, unampa mtu ale?"

"Vinakaa kwenye friji vinaganda."

"Friji," mzee akasema. "Haya. Dunia imekwisha."

Pasi aliponda tende kwa uma, akamwaga asali, akachota siagi ya karanga na kijiko kikasimama wima katikati kama kimepigiliwa. Alichanganya kwa mkono. Mchanganyiko ukamganda hadi kwenye kifundo, na kila kitonge alichoviringa kilitoka na sura yake: kimoja kama yai, kingine kama kiazi kilichokanyagwa. Mzee alivumilia. Alitazama dirishani, akatazama dari, akakohoa. Lakini mtu aliyeviringa madonge ya unga maisha yake yote ana mwisho wa uvumilivu.

"Unaviminya, mwanangu. Usiviminye. Vimekukosea nini?"

"Vinanata."

"Lowesha mikono. Lete maji hapa." Akavutia beseni upande wake, akakunja mikono ya shati, na vile vifundo vya mikono vilivyokonda vikampa Pasi uchungu hata akageukia pembeni. Mzee akachota, akazungusha mara moja tu, kitonge kikatoka mviringo safi. Akachota tena. Wakaviringa pamoja, kama watu wa zamu moja.

"Onja," mzee akasema. "Sahani haitoki bila kuonjwa."

Pasi akaonja. Hakuwa amekula tangu mchana, na utamu ule ulimshuka mpaka magotini. "Onja na wewe."

Mzee akatia kimoja mdomoni. Akatafuna polepole, macho juu, kama hakimu. "Kimekosa chumvi," akasema. Akanyunyiza chumvi kidogo, akaviringa kingine, akala. Na kingine. Pasi alijifanya haoni, akaendelea kula chake. Wakaongea mambo ya hovyohovyo: paka wa jirani, bomba linalovuja, yule msaidizi wa zamani wa mzee aliyewahi kusinzia akaunguza mikate ya tanuri zima na kusingizia kuni. Mzee akacheka. Akala tena.

Alipomwona mzee anajilamba vidole, Pasi aliingia chumbani akamwandikia kaka yake ujumbe: "BABA AMEKULA." Kisha akajitupa kitandani na nguo zake. Vitonge, akawaza. Kumbe dawa ilikuwa vitonge tu, na mimi nimeungua na sufuria miezi yote hii!

Siku ya sikukuu hoteli ilijaa hadi mlangoni, na hoteli ikijaa mashuka hayajui sikukuu. Zamu ilikuwa yake. Hakulalamika. Aliamka, akaweka bati la vitonge katikati ya meza, limejaa, vimepangwa kwa mistari, akafunika kwa kitambaa safi. Hakupika kingine, kwa nini apike?

"Baba, vitonge vyako hivi. Vimalize vyote, nikija nikute bati tupu."

"Nenda salama, mwanangu."

Siku hiyo alilisha mashine huku anaimba. Profesa alijipongeza kwa wote waliopenda kusikia na wasiopenda. Mchana kantini ikaonyesha ukarimu wake wa mara moja kwa mwaka: wali, kuku, nyama, saladi, keki, soda. "Kula, we mwanamke," Profesa akasema, akimjazia sahani. "Mzee anakula, na wewe kula." Akala. Akaongezewa, akala. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kula bila kuwaza ile sahani ya nyumbani, na alikula mpaka mkanda wa sketi ukamlalamikia.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofungua mlango.

Mzee alikuwa mezani. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lake jeupe lililombwaya mabegani. Pasi hakuyaona hayo. Aliliona bati. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni, na mistari ya vitonge ilikuwa kamili, hakuna pengo hata moja.

Uchovu wote wa mwaka ule ukampanda kichwani kwa mpigo.

"Baba! Hujala?"

"Karibu, mwanangu."

"Hujala hata kimoja! Kutwa nzima! Si juzi, si mwaka jana, ni jana tu ulivila hapahapa nikikuona! Unataka nini, Baba? Niambie, maana mimi nimefika mwisho. Nimepika kila kitu. Keshokutwa ni kliniki, watakuona, watakulaza, na wewe mwenyewe umesema hutatoka. Basi ndiyo unachotaka? Unataka kumfuata Mama, mimi uniache na nani?"

Alisema hayo yote amesimama, mkoba bado begani. Mzee hakumkatisha. Alisubiri mpaka maneno yakamwishia, kisha akalisogeza bati kidogo, na hapo ndipo Pasi alipoona visahani. Vilikuwa viwili. Kimoja mbele ya mzee, kimoja mbele ya kiti kitupu, na glasi mbili za maji.

"Nilikuwa nakungoja," mzee akasema.

Pasi akavitazama vile visahani, kimoja baada ya kingine.

"Kule kwetu tanurini hakuna aliyekula peke yake," mzee akasema, akitazama mikono yake. "Tulikuwa tunakaa wote, mpaka wa mwisho anawe. Nikirudi nyumbani, mama yako yuko mezani. Mimi sijui kula peke yangu, mwanangu. Nimejaribu. Naketi, nafunua sahani, natia mdomoni, kinagoma kushuka. Basi huwa nakungoja. Ila wewe ukija unakuwa umeshakula."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Unakuja umechoka hivyo, hata kiatu hukumbuki. Nikuambie tena kaa unitazame nikitafuna?"

Pasi akaweka mkoba chini. Akaziona zile sahani zote, zile alizozifunika kwa mapenzi na kuzimwaga kwa hasira, na yeye kila jioni akiingia na shibe yake ya kantini, akijisifu kwamba anambakizia. Aibu ilimwaka masikioni. Angeweza kumpigia magoti. Lakini mzee hakuhitaji magoti ya mtu, na kula alikuwa hajala.

Akanawa mikono. Akavuta kiti, akaketi. Kuku na keki vilikuwa bado vimemjaa hadi kooni. Hata maji yasingepata pa kupita.

"Umekula leo?" mzee akamuuliza, na safari hii alimtazama usoni.

"Bado, Baba," Pasi akasema. "Nina njaa kweli."

Akachukua kitonge, akakitia mdomoni, akatafuna. Mzee alingoja mpaka amemeza, ndipo naye akanyoosha mkono.