Gari Lililopita Mlangoni

Kila Jumamosi fundi cherehani alifunga kibanda chake, akachukua ndoo na brashi, akaenda makaburi ya wanajeshi. Watu wa kujitolea walikuwa wachache, na msimamizi wao, sajini mstaafu mwenye mguu mbovu, aliwagawia kazi kwa kunyoosha fimbo. Fundi hakungoja kugawiwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la mtoto wa jirani yake, akasugua ukoga mpaka herufi zikatokeza.

"Mama, una moyo," sajini alimwambia. "Wengine huja siku viongozi wanapokuja tu."

Sifa ile ilimchoma. Moyo gani? Mwanawe na yule marehemu walikua pamoja, wakaenda vitani pamoja. Siku gari la jeshi, lile la kuleta habari za vifo, lilipoingia mtaani, fundi alikuwa mlangoni anapindia suruali ya mteja. Gari likapunguza mwendo, likapita mlango wake, likasimama kwa jirani. "Asante Mungu," akasema kwa sauti. Ndipo akasikia kilio.

Hakuna aliyemsikia, lakini tangu hapo alishindwa kumtazama jirani usoni. Mwanawe aliporudi salama, alimpitisha mlango wa nyuma. Kijana alipopata mchumba, mama mtu akaificha habari kama mali ya wizi. Jirani akiuliza, "Kijana hajambo?" alijibu, "Yupo tu, shoga," akajitia ana haraka.

Jumamosi moja alikuwa amepiga magoti anasuuza jiwe, akaona karibu yake miguu anayoijua. Alikuwa jirani, ambaye hakuwahi kukanyaga pale tangu mazishi.

"Nimesikia kuna mama anamwosha mwanangu," jirani alisema. "Nikajua ni wewe."

Maneno yalimtoka fundi kabla hajayapanga. "Shoga, gari lilipopita kwangu, nilishukuru."

Jirani alikaa chini taratibu, akachukua brashi, akasugua pembe ya jiwe.

"Mimi nililiona tangu linakata kona," akasema. "Nikaomba lisimame kwako."

Walisafisha pamoja mpaka maji yakaisha, fundi akaenda kuchota mengine. Aliporudi, jirani aliuliza, "Harusi lini? Maana mtaa mzima unajua, mimi ndiye nafichwa."

"Mwezi ujao."

"Na nguo yangu anashona nani?"

"Mimi," fundi akajibu.

Nguo aliishona kwa mkono wake, na siku ya harusi jirani alikaa naye kiti cha mbele. Bwana harusi alipoingia, jirani alipiga vigelegele kuliko wote, kisha akainuka, akatoka nje peke yake. Fundi alimwona. Alitaka kumfuata, lakini mwanawe alikuwa anamtafuta kwa macho, naye akabaki palepale, anatabasamu, uso unamwaka kwa aibu.