Fataki Iliyogoma Mbele ya Geti

Mwenye nyumba wetu hapa mtaani Gatina hakuwa amezoea kukatazwa jambo na mpangaji. Ukimkosea, unahama. Hata mimi, mwenye mdomo mrefu, mbele yake nilikuwa naufunga.

Mkesha wa mwaka mpya aliweka kreti ya soda mbele ya geti, akasimamisha ndani yake mirija mitano ya fataki. Alitaka kuiwasha jioni mapema, kabla watu hawajaenda kukesha kanisani. Wapangaji wa ploti nzima walishuka kutazama. Minne ilirusha moto juu vizuri, watoto wakashangilia. Wa tano ukatoa moshi kidogo, ukanyamaza.

Watu wakacheka. Hapo ndipo walipoharibu, maana mzee yule kuchekwa hawezi. Akatoa kiberiti, akausogelea.

Nilipokuwa naishi kijiji cha Raila, kule Kibera, jirani yangu aliokota fataki ya namna hiyo akidhani imekufa. Ilimkata vidole vitatu, naye alikuwa fundi wa cherehani. Tangu siku hiyo najua kwamba fataki iliyogoma haiguswi, wala haiwashwi tena. Unakaa mbali nayo nusu saa nzima, kisha unailowesha maji.

"Mzee, wachana na hiyo," nikamwambia. "Bado iko na moto ndani."

"Nimenunua mimi ama ni wewe?" akauliza bila kugeuka.

"Mama, wacha mzee ajienjoi," akanong'ona mpangaji wa juu. "Utatuletea shida."

Hakuna mwingine aliyemkataza. Wanaume wanaobeba mawe mjengoni kutwa, wanaogopa notisi ya kuhama. Niliwachukia, nikajichukia na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama tu.

Mzee akawasha tochi ya simu, akainama achungulie ndani ya mrija.

Kando ya geti nilikuwa nimeacha beseni la maji niliyooshea vyombo. Nililiinua, nikammwagia yeye na kreti yake pamoja.

Akaruka nyuma. Fataki haikulipuka, kwa hiyo hakuna aliyeona nilichokiogopa. Walichoona ni mwenye nyumba amelowa, maharagwe yamemganda kwenye kola ya koti la sikukuu.

"Mwisho wa mwezi ujao uhame," akasema taratibu, akinikazia macho.

Macho yake yalikuwa mawili, mazima. Nikabeba beseni langu, nikaingia ndani, nikalia.