Spika ya Studio Sebuleni kwa Mbula

Mbula alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa mahali pekee penye mwanga wa kutosha, chini ya dirisha la sebule. Jumamosi moja mwaka wa 1957 alirudi kutoka soko la Thika akakuta imesukumwa hadi jikoni. Mahali pake pamesimama sanduku la mbao, refu kama kabati la vyombo.

"Ni nini hiki?"

"Spika," mumewe akasema. "Ya studio."

Kimeu alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha mananasi, ndiyo maana nyumba yao ya kampuni ilikuwa na stima. Rafiki yake Omondi alifanya kazi kwenye studio ya kurekodi nyimbo Nairobi. Studio ilipoleta vifaa vipya, Omondi akampa hivi vya zamani: spika, amplifaya, na mashine ya kuzungushia santuri.

"Gramafoni yetu ina kasoro gani?"

"Ile ni kopo, Mama Katunge. Wenye kazi yao wakirekodi wimbo husikilizia spika kama hii. Sasa ukitaka wimbo wenyewe, utasikilizia nini kingine? Si ni wazi?"

Mbula hakuona uwazi wowote. Aliona cherehani yake imekaa karibu na jiko la makaa.

Kisha kero ikaanza. Spika ilinguruma hata bila wimbo. Ilisikika vizuri ukiketi kwenye kiti kimoja tu, na kiti hicho kilikuwa cha Kimeu. Mbula hakuruhusiwa kukoroga chungu wimbo ukiwa unaendelea. Na wimbo wenyewe haukufika mwisho, kwa maana Kimeu aliinua sindano kila mara. "Umesikia huo mkwaruzo? Umesikia mwimbaji akimeza mate?"

"Nimesikia," Mbula akajibu siku moja, "na sikutaka kusikia. Nilitaka kucheza."

Kilichomchosha kabisa ni kilichompata kaka yake. Mbaluka alikaa Ruiru, akifanya kazi kwenye shamba la kahawa na kupiga gitaa harusini. Alikuwa na santuri moja aliyorekodi miaka mitatu nyuma, na watu wa Ruiru hadi Thika waliipenda. Kimeu alimwalika Jumapili aje aisikie "vile ilivyo kweli." Akamketisha kwenye kile kiti.

Mbaluka alianza akitabasamu. Halafu ikasikika sauti ya kiti alichokalia siku ya kurekodi kikilalamika, na uzi mmoja wa gitaa ukivuma vibaya, na katika ubeti wa pili sauti yake ikiteleza chini ya noti. Kimeu, badala ya kunyamaza, akarudisha sindano. "Hapo! Umesikia, shemeji?"

Mbaluka alisimama. Hakugusa ndengu wala chai. Alirudi Ruiru, na miezi miwili iliyofuata hakuna aliyemwona na gitaa.

"Umemvunja kaka yangu kwa sanduku!" Mbula akamwambia mumewe.

"Mimi? Makosa ni yake, si yangu."

Mbula alimtumia Omondi salamu aje kula. Alipokuja, akamwuliza kabla hajaketi vizuri: "Huko kazini mnastarehe na spika hii?"

Omondi akacheka. "Kustarehe? Mama, hiyo ni ya kutafuta makosa. Tunaiweka karibu na uso, tunawinda kila ubovu, tukimaliza tunataka kimya. Mimi kwangu nina redio ndogo."

"Na hukumwambia mwenzako?"

"Aliniuliza kama ni spika nzuri. Ni nzuri. Hakuniuliza ni ya kazi gani."

Mbula alimwangalia Omondi, akamwangalia mumewe, akaenda nje akaketi kwenye ngazi mpaka hasira ipungue. Haikupungua upesi.

 Jumamosi iliyofuata Kimeu alifunga gramafoni nyuma ya baiskeli, akatia pasi yake ya kusafiria mfukoni kwa ajili ya askari wa ukoloni waliokagua watu barabarani, akaendesha mpaka Ruiru. Alimkuta Mbaluka akipasua kuni. Akaweka santuri ile ile kwenye gramafoni, pale uani. Majirani wakatoka. Mama mmoja akaanza kuyumbisha mabega, kisha wengine.

"Bado nasikia pale nilipoteleza," Mbaluka akasema.

"Utasikia maisha yako yote, na ni mimi niliyekufanyia hivyo," Kimeu akajibu. "Nisamehe, shemeji. Lakini angalia hawa."

Mbaluka aliwaangalia. Akaweka shoka chini.

Omondi aliichukua spika mwezi huo. Mwezi wa nane Mbaluka alipiga gitaa kwenye harusi ya Kalondu, jirani yao wa Thika, na katikati ya wimbo alikosea, akacheka, akaendelea. Mbula alicheza mpaka kiatu kikamtoka. Kimeu alipofungua mdomo aseme jambo, mkewe alimtazama mara moja tu, naye akaufunga.