Zawadi Inarudi Walikale

Niliondoka Masisi kwa sababu ya jina. Zawadi ni pombe kali ya ndizi ambayo mama yetu aliipika na kuiuza mpaka Walikale, kabla vita havijafunga barabara. Tulipopata leseni ya kuipika upya, tulisikia kwamba katika miaka ya ukimya wetu mtu alibandika lebo yetu kwenye chupa za sumu, na wanywaji wakapofuka. Washauri wa mjini walitaka tubadilishe jina. Dada yangu Riziki, ambaye ndiye mpishi, aliwajibu kwa Kiswahili cha kwetu, kinachosema "njo" badala ya "ndiyo", "Ile jina njo ya mama. Mwizi abadilishe yake."

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda pikipiki mbili. Nilibeba karatasi ya maabara iliyothibitisha kwamba pombe yetu ni salama, na tangazo la kurasa mbili. Nilikuwa nimejisomea vitabu vitatu kuhusu kurudisha sifa ya bidhaa. Nilimwomba dada abaki nyumbani. Hakunisikiliza. Alibeba chupa na kikombe.

Kibua, jioni. Tulilala kwa Papa Bahati, mkulima tunayemfahamu. Alipoona lebo, aliisukuma chupa mbali. Mdogo wake alikaa karibu na moto, macho yakiwa wazi bila kuona.

"Kama ilikuwa ya kwenu ao hapana, mimi sijui," mdogo huyo alisema. "Macho yangu haitarudia."

"Haikuwa ya kwetu, kaka. Lakini ilikuwa na jina yetu. Njo maana ninaenda," dada alijibu.

Walikale, kesho yake saa nne. Nilisimama mbele ya soko nikasoma tangazo. Sikufika ukurasa wa pili.

"Papa, siye hatukunywake karatasi!" alinipazia sauti Mama Esperansi, mwenye baa. "Nani alipika? Akunywe!"

Hapo niliona kosa langu. Kwetu aliyepika hunywa wa kwanza, wageni wakimtazama. Nililijua hilo tangu utoto, lakini halikuwamo vitabuni, nami sikuliweka katika mpango.

Dada alijaza kikombe, akakimaliza.

"Bure!" Mama Esperansi alicheka. "Upofu inakuyaka kesho!" Alimaanisha kwamba sumu ile hupofusha siku ya pili.

"Basi kesho mutanikuta hapa. Na wewe, mama, ulete maharagi yenye mawe mingi, upime macho yangu."

Asubuhi iliyofuata watu walikuwa wengi kuliko jana. Mama Esperansi alileta ungo uliojaa maharagwe. Dada alichambua bila haraka, akitoa hata vijiwe vidogo kama mtama. Mama Esperansi alirudia kazi yote kwa vidole vyake. Hakupata jiwe.

"Acha chupa tatu," alisema. "Lakini kila ukileta, utakunywa mbele yangu."

"Na nitalala hapa," dada alimjibu.

Njiani kurudi niliandika mpango mpya, nusu ukurasa. Nimejifunza kwamba jina lililochafuliwa halisafishwi kwa tangazo. Husafishwa na mpishi mwenyewe, akinywa na kubaki mpaka kesho. Tutafika kila mahali lebo ya uongo ilipofika. Wasipotuamini siku ya kwanza, tutalala siku mbili.