Fundi Aliyesikia Injini Ikigonga

Abdulghafur bin Bwanamkuu alirudi Lamu mwaka 1965 kwa sababu ambayo hakumwambia mtu: alitaka kuishi mahali pasipo na magari. Kisiwa kizima kilikuwa na gari moja, la serikali, nalo lilishinda limeegeshwa. Watu wa mtaa wake wa Mkomani walidhani amefukuzwa kazi Mombasa. Aliwaacha wadhani. Aliketi kwenye meza ya marehemu babake, aliyekuwa sonara, akaanza kutengeneza pete na vikuku kana kwamba ile miaka kumi na minne haikuwapo.

Lakini ilikuwapo. Alikwenda Mombasa na tupa za babake zimefungwa kitambaani, akaajiriwa kama mfagiaji na gereji moja ya Changamwe iliyounda injini za magari ya mashindano. Mwenye gereji, Mzungu mkimya, alimpa kichwa cha injini akisafishe. Abdulghafur hakukisafisha tu. Alizilainisha njia za hewa kwa zile tupa za kazi ya fedha, mpaka ukitia kidole ndani unahisi uko ndani ya kikombe cha kahawa. Gari lile lilipopanda mlima wa Mazeras lilipanda kama halina mzigo. Tangu siku hiyo hakushika tena ufagio.

Kufikia mwaka wa uhuru, madereva wa mbio za Pasaka walikuwa wakiteremka kutoka Nairobi kumtafuta. Wala si wao peke yao. Magari ya mbio ni machache, ya njiani ni mengi. Wenye teksi za Kilindini, malori ya chumvi na mabasi ya Malindi, wote walitaka "kichwa cha Ghafur". Alichojifunza Jumapili kwenye gari la mashindano, Jumatatu alikitia kwenye teksi. Alikuwa akisimama Makupa amefumba macho, magari yanapita, naye anayataja moyoni: hili langu, lile langu.

Aliyeziendesha injini zake vizuri kuliko wote alikuwa Fanuel, Mmaragoli aliyeanzia kwenye malori. Fanuel hakulilazimisha gari. Aliliongoza kama mtu aongozavyo ng'ombe mwenye mimba. Alimwita Abdulghafur "sikio langu", kwa kuwa fundi huyu aliweka ncha moja ya kijiti cha mpingo juu ya injini na ncha nyingine sikioni, akautaja ugonjwa.

Mwezi wa Machi mwaka ule wa 1965, siku moja kabla ya mbio ndogo za Pwani, aliweka kijiti kwenye injini ya Fanuel akasikia: ko. Chini kabisa, penye beringi za konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Mara moja tu, kisha ikanyamaza. Akasubiri. Haikurudia. Kuifungua ilikuwa kazi ya siku nzima, na mbio ni kesho, na wageni wa mwenye gereji wamekwisha kufika. Akajiambia sikio limechoka. Akafunga boneti.

"Iko sawa?" Fanuel aliuliza.

"Iko sawa."

Kesho yake, kwenye kona ya mteremko huko Taita, konrodi ilivunjika, injini ikajifunga, magurudumu ya nyuma yakasimama papo hapo. Gari liliteleza likaingia korongoni. Fanuel alikuwa amekufa walipomfikia. Waliokagua walisema ni matope. Mwenye gereji alisema ajali haina kinga. Hakuna aliyemuuliza Abdulghafur swali hata moja, na hilo ndilo lililommaliza.

Lamu haikumficha. Saa sita mchana, vichochoro vikiwa vitupu na watu wamejifungia na joto lao, alisikia ko. Mkewe, Saadiya, akitwanga, yeye alitoka mbio akaushika mchi usigonge. Nyundo ya usonara akaiweka chini. Akabaki na tupa na waya tu, kazi zisizogonga. Siku nyingine harufu ya oili iliyoungua ilijaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, hali kwenye nyumba hiyo hakukuwa na oili hata tone. Kisha mchana mmoja akamwona Fanuel mwenyewe ameketi dakani, udongo mwekundu kwenye nyusi, anamtazama kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Abdulghafur alisoma Ayatul Kursi, akairudia. Fanuel hakuondoka kwa kusomewa. Aliondoka alipotaka.

"Wasikia nini?" Saadiya alimuuliza.

"Sisikii kitu."

"Basi mbona mato yako hayatoki mlangoni?"

Ilipita miaka miwili hivyo. Mwaka 1967 ilipigwa hodi, akaingia mwanamke wa bara aliyevaa sare ya hospitali.

"Karibu, Bi," Saadiya alisema. "Kaa kitako, upumue."

"Namtafuta Bwana Abdulghafur. Mimi ni Edah. Mke wa Fanuel."

Abdulghafur aliiweka tupa chini.

"Nimehamishiwa hapa," Edah alisema. "Niliomba mwenyewe. Wenzangu wote walinishangaa."

Abdulghafur hakungoja aulizwe. "Bi Edah, ile injini iligonga. Niliisikia. Nikamwambia iko sawa." Maneno ya miaka miwili yalimtoka kwa pumzi moja.

Edah hakulia. Alikizungusha kikombe cha kahawa alichopewa. "Najua iligonga. Fanuel aliisikia asubuhi njiani akikuletea gari, akanieleza jioni. Alisema, 'Ghafur angeisikia, kesho nisingekimbia. Nilikuwa namwomba Mungu asiisikie, na hakuisikia.' Alikuwa anacheka."

"Alijua?"

"Alijua. Na mimi nilikuwa nimekwisha kumshonea shati la kupokelea zawadi. Sikumkataza. Nimekuja kwako kwa sababu sina mwingine wa kumwambia."

Saadiya ndiye aliyesema, polepole: "Watu watatu mliyua, na hapana alonena."

Abdulghafur alidhani atapata wepesi. Hakuupata. Siku ya pili, saa sita, Fanuel alikuwako dakani, lakini hakumtazama tena kama anayesubiri. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyefumaniwa. Hilo lilikuwa zito zaidi. Ndipo Abdulghafur alipotambua kwamba muda wote alijiuliza nani alisikia, wala hakujiuliza injini iligonga kwa nini.

Alichukua sinia la shaba, akamimina mafuta ya nazi, akaliinamisha kama gari linavyolala kwenye kona. Mafuta yote yalikimbilia upande mmoja. Upande wa pili ukabaki mkavu. Kumbe ni hivyo. Kwenye kona ndefu oili huhama ndani ya bakuli lake chini ya injini, beringi za upande mmoja zikakauka na kulika. Alikata debe vipande vyembamba, akavilehemu ndani ya sinia kama kuta zenye vidirisha vya kupitisha mafuta kidogo kidogo. Edah, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, alishika ukingo mmoja, yeye mwingine, wakaliyumbisha. Mafuta yalitulia.

Alichora picha ya kuta hizo akaituma Changamwe kwa barua. Huenda ng'ambo walikwisha kubuni kitu kama hicho. Yeye hakuwa na habari. Pasaka iliyofuata magari matatu ya gereji ile yalikimbia na bakuli la oili lenye kuta, na injini zote tatu zilirudi nzima. Baadaye, kama zamani, cha mashindano kikateremkia barabarani, na mabasi ya Pwani yakaanza kuwekewa. Na kwenye barua ile aliongeza sharti moja: injini ikigonga hata mara moja, ifunguliwe, hata kama watu wamekwisha kupanda.

Yeye mwenyewe akaanza kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara, kila wiki kulisikiliza basi la Malindi lililoendeshwa na Wafula. Siku moja mwaka 1969 basi limejaa, kuku wamefungwa juu, Abdulghafur akainua kichwa kutoka kwenye kijiti.

"Washushe."

"Bwana Ghafur, mimi sisikii kitu," Wafula alisema.

"Mimi pia sina hakika. Washushe, tufungue."

Walifungua mpaka alasiri. Beringi zote zilikuwa nzima, zinang'aa kama mpya. Abiria walimtukana. Mzee mmoja wa Kipini alisema fundi huyu ana jini, atafutiwe mganga. Abdulghafur alizipangusa beringi moja moja, akazipaka oili, akazirudisha, akakaza nati kwa mkono wake.

"Sasa?" Wafula aliuliza.

Aliweka sikio, akakaa kitambo kirefu hata watu wakaanza kuguna tena.

"Sasa nenda."

Basi liliondoka. Mwenye mashua ya kumvusha alimuuliza kama leo amekipata alichokuwa akikitafuta. Abdulghafur alisema hapana, lakini wamefungua, akakunja kikoi chake kisilowe, akapanda.