Harusi Iliyohamishiwa Upande Huu wa Mto

Saa kumi na moja alfajiri, duka la nyama la Bi Earline Mouton bado limefungwa, lakini mvuke tayari unatoka mlango wa nyuma. Alcide Guillory, aproni nyeupe kifuani, anachanganya wali, nyama ya nguruwe, ini na majani ya vitunguu kwenye sufuria pana kama beseni la kuogea. Anaumimina mchanganyiko kwenye mashine, na utumbo unajaa taratibu mkononi mwake, unakuwa soseji ndefu inayojikunja mezani.

"Pilipili punguza leo," Bi Earline anamwambia akipita. "Jana watu walitoka hapa wanalia."

"Na mchana wakarudi kuongeza," Alcide anajibu bila kuinua macho.

Ana umri wa miaka 58. Huu ni mwaka wake wa tatu katika duka hili, nje kidogo ya mji wa Opelousas, jimboni Louisiana. Analipwa dola kumi na nne kwa saa. Kabla ya hapo alikaa gerezani miaka ishirini na mitatu, akilima bamia katika shamba la jimbo. Kifungo chake kilikuwa cha maisha, na kilichompeleka huko ni wizi wa jenereta.

Haikuwa mara yake ya kwanza. Akiwa kijana wa miaka kumi na tisa alivunja duka la vipuri vya magari. Baadaye alikamatwa akiuza kokeini. Kwa makosa yote mawili alifungwa, akamaliza, akatoka. Kisha, mwaka 1999, akaingia katika banda la fundi bomba aitwaye Verlin Hebert na kubeba jenereta. Polisi waliikuta kwenye gari lake, hajapata hata mnunuzi.

Kwa kosa hilo peke yake, jaji angeweza kumfunga miaka isiyozidi kumi na miwili. Lakini mwendesha mashtaka alitumia sheria ya wakosaji sugu. Kosa kubwa la tatu, na mojawapo la dawa za kulevya: adhabu ikawa maisha, bila nafasi ya kutoka mapema.

"Jaji alisema sheria imemfunga mikono," anakumbuka Alcide. "Nikaitazama mikono yake. Pingu zilikuwa kwenye yangu."

Alimwacha nyumbani binti wa miaka minne, Solange. Miaka michache baadaye mama yake Solange alihamia Beaumont, jimboni Texas, ng'ambo ya Mto Sabine ulio mpaka wa majimbo hayo mawili. Barua za baba zilipungua, kisha zikakoma. Mtoto alikua akijua kwamba ana baba, basi.

Mambo yaligeuka mwaka 2022. Sheria mpya iliruhusu waendesha mashtaka kukubali adhabu za zamani zipitiwe upya, na faili la Alcide likafika mezani kwao. Siku ya kusikilizwa, mzee mmoja mwenye mkongojo aliingia mahakamani na kuketi mstari wa mbele. Alikuwa Verlin Hebert.

"Nikajua nimekwisha," anasema Alcide. "Nikamnong'oneza wakili: yule ndiye mwenye mali yake. Amekuja kunizika."

Mzee Hebert aliomba kusema. Alieleza kwamba mwaka ule aliambiwa mwizi amefungwa, hakuambiwa kwa muda gani, naye hakuuliza.

"Jenereta nilirudishiwa," aliiambia mahakama. "Nimeitumia vimbunga vinne, mpaka ikafa yenyewe. Huyu bwana bado yuko ndani? Kwa ajili ya ile?"

Jaji alipunguza adhabu kuwa miaka thelathini. Alcide akatoka siku hiyohiyo, kumalizia miaka saba iliyobaki nje, chini ya uangalizi uitwao parole. Masharti ni mengi: saa tatu usiku awe nyumbani, asiguse pombe, na asivuke mpaka wa jimbo bila kibali.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililomgusa mwaka jana. Solange, ambaye sasa ni muuguzi, alikuwa ameanza kumpigia simu Jumapili, mwanzoni kwa dakika chache. Siku moja akamwambia anaolewa Beaumont, mwendo wa saa mbili tu kwa gari.

"Nilikuwa nimeshamwomba mjomba anisindikize," anasema Solange kwa simu. "Sikumwomba baba. Nilimwambia tu, ukija, njoo. Nilitaka nione kama atakuja."

Alcide aliomba kibali mapema. Ofisa wake wa parole alipeleka ombi mbele, na wiki moja kabla ya harusi likarudi limekataliwa: mwenye rekodi ya makosa matatu haruhusiwi kusafiri nje ya jimbo kwa sherehe.

Alimpigia binti yake akiwa nyuma ya duka. "Mama, sitaweza kufika," alimwambia. "Siyo kwamba sitaki."

Solange akakata simu.

"Nikajua nimempoteza mara ya pili," anasema Alcide.

Kesho yake simu ikalia. "Baba, daraja la Sabine unalijua? Sherehe tumeihamishia upande wenu. Kuna bustani pale kituo cha mapumziko. Ukichelewa, naolewa bila wewe."

Wageni themanini walivuka daraja wakiwa na viti vyao garini. Malori yalipita juu yakipiga honi. Bi Earline alileta sufuria mbili za soseji. Mjomba alimtembeza bibi harusi hadi katikati ya nyasi, akamwachia Alcide sehemu iliyobaki.

"Nilikuwa nimemkasirikia," anasema Solange. "Bado, siku nyingine. Lakini alifika kabla ya wote."

Parole yake itaisha mwaka 2029. Mpango wa Alcide ni mmoja: asubuhi itakayofuata ataendesha gari hadi Beaumont, agonge mlango wa binti yake, anywe kahawa.

"Uvuke, lakini Jumatatu nakutaka kazini," Bi Earline anamwambia, akifungua mlango wa mbele kwa wateja.

"Nitarudi, Bi Earline," anasema, akifunga soseji fundo. "Ila safari hiyo, saa ya kurudi nitaipanga mimi."