Mdudu Mwenye Jina

Unyago wa mwaka huu pale Likunja ulikosa sauti moja. Ngoma zilipigwa, wanawake wakazunguka uwanja, lakini kila wimbo ulianza kwa kusuasua, kama watu wanaosukumana mlangoni. Mwanzishaji wao alikuwa Zuleha, na Zuleha hakuwapo.

Msimu wa korosho uliopita alikuwa akikaanga korosho nyuma ya nyumba, mafuta ya maganda yakamrukia mkononi. Mafuta yale hula ngozi. Akafanya kama wengi wafanyavyo huko: akapasua vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, vilivyobaki tangu mtoto alipougua, akanyunyiza unga wake kwenye kidonda, vilivyosalia akavimeza. Kidonda kikakauka juu, kikaoza chini. Homa ilipomfanya aweweseke, mumewe Yunusi alikodi bodaboda, akakaa nyuma yake kumshikilia mpaka hospitali moja ya Nachingwea.

"Kuna dawa yoyote umetumia nyumbani, mama?" daktari Fortunatus aliuliza.

"Sijatumia."

Aliogopa kugombezwa mbele ya watu. Yunusi alitazama sakafu.

Damu yake nyingine iliingia kwenye mashine mpya, nyingine kwenye chupa ya kuoteshea vijidudu. Mashine ilijibu siku ileile, ikamtaja mdudu kwa jina. Yunusi akashukuru kwa sauti. Lakini dawa waliyoanza nayo haikushusha homa, na siku zilipita chupa ikiwa haijaotesha kitu.

"Si mmeshamjua?" Yunusi alilalamika.

"Mashine imeona alama zake tu, baba. Mdudu hai na mdudu mfu kwake ni sawasawa. Wala haisemi dawa ipi inamuua. Hilo tulilitegemea kwenye chupa."

"Yaani inajua jina, haijui tabia?"

"Ndiyo hivyo."

Yunusi akakohoa. "Alimeza rangi mbili, daktari. Kabla hatujaja."

Daktari alikaa kitandani pembeni ya mgonjwa. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba vidonge vile huenda viliwadumaza wadudu kiasi cha kutoota kwenye chupa, bila kuwamaliza mwilini. Sasa ilibaki kubahatisha. Ilikuwapo sindano kali ambayo ingeweza kumwokoa, na ingeweza kumharibu masikio. Kama chupa ingeotesha, pengine angepata dawa ya upole zaidi.

"Mama Salimu, umesikia?" Yunusi alimwinamia mkewe.

"Nimesikia. Achome. Masikio ya nini kaburini?" Akajaribu kucheka.

Homa ikashuka. Kisha sauti zikaanza kumtoka moja moja: kwanza ndege, halafu mchi wa jirani, mwisho Yunusi, ambaye sasa alikuwa mdomo unaofunguka na kufungika.

Aliporudi Likunja wanawake walimwomba aanzishe wimbo, kumpa moyo. Akaanzisha. Akaona nyuso zao zikikunjamana, mmoja akaziba mdomo kwa kanga, mwingine akainamia ngoma yake asimtazame. Hapo akajua wimbo umekwenda upande. Aliumalizia peke yake, kwa sababu hakujua wenzake walinyamaza lini.

Wiki ile akafunga nguo zake. Yunusi alimsihi kwa mikono, akachoka.

Sasa Zuleha yuko Marambo, kwa kaka yake Faridi, analima ufuta.